Aliyeingia Zizini

Sikuwa mtu wa hadithi za upelelezi. Kazi yangu ni ushonaji, fremu yangu ya duka iko Kahama, nyuma ya stendi, na televisheni niliyoitundika ukutani niliinunua kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo. Mteja akiwa na kitu cha kutazama hakusumbui na "fundi, bado tu?" Nilikuwa nampelekea flashi muuza muvi wa jirani, ananijazia chochote alichonacho, nami nashona zangu bila hata kuinua kichwa.

Aliyeinua kichwa ni mama yangu, na yeye ndiye asiyeona.

Mama alikuja kukaa kwangu mwaka ambao mvua zilichelewa. Nyumbani kwetu ni Bukombe, ndani kidogo ukitokea Runzewe. Wateja niliwaambia nimemleta kutibiwa macho, na haukuwa uongo. Macho yake yamekuwa mekundu tangu nikiwa mdogo. Ni moshi wa jikoni, vumbi, na ule ugonjwa wa vikope uliomsumbua mpaka kope zikaanza kugeukia ndani. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini sababu yenyewe ya kumtoa nyumbani ilikuwa nyingine.

Tuna jirani kule kijijini, mtu wa kuja. Alipata riziki yake kwenye machimbo ya Geita, akanunua ng'ombe na shamba kando ya letu. Kisukuma hakijui, anaongea Kiswahili na kila mtu. Huyo jirani ndama wake walianza kufa, mmoja baada ya mwingine. Alfajiri moja alisikia ng'ombe wanahangaika, akatoka na tochi. Mke wake alimkuta amerudi hadi mlangoni, amekaa chini, mdomo umeanza kwenda upande. Alisema maneno machache, na baada ya hapo hakusema tena, kwa maana nusu ya mwili ilikuwa imepooza. Maneno yenyewe ni haya: "Ameingia zizini. Nimemwona. Macho mekundu."

Kijiji kizima kikajua ni macho ya nani.

Huku kwetu mama mzee mwenye macho mekundu akishatajwa kwa uchawi, watu hawacheki. Wapo waliokatwa mapanga ndani ya nyumba zao kwa maneno madogo kuliko hayo. Mama alijua mambo yamefika pabaya siku aliyopishana na mke wa yule jirani njiani kwenda kisimani. Yule mwanamke, tangu ahamie pale, hakuwahi kumpita mama bila kupiga goti na kumwamkia. Siku hiyo mama alisikia ndala zake zinakuja, zinafika, zinapita. Akanipigia simu. Hakulia, alisema tu: "Leo sikuamkiwa." Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi.

Basi mama akawa anashinda na mimi dukani, kwenye kigoda karibu na pazia la kujaribia nguo, sinia la maharage mapajani, anachambua kwa vidole. Kila siku aliniuliza lini atarudi kwake. Nilimjibu kwa hasira kwamba hapa anakula, analala, anapakwa dawa, anataka nini tena? Akasema anataka kufa kwao, na kabla ya kufa anataka kupanda karanga zake. Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini hapo zilipoa. Sikujua kama atarudi kwake hata siku moja.

Siku moja muuza muvi akanijazia sizoni ya kizungu, tamthilia ya sehemu nyingi, iliyotafsiriwa. Mnajua zile tafsiri zetu: mtu mmoja na kipaza sauti chake, anawasemea wote, wanaume, wanawake, watoto na mbwa. Huyu alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo. Mpelelezi wa kwenye sizoni alimwita Kamanda. Akikutana na kitu asichokielewa anacheka kidogo, anaongeza ya kwake, kisha hadithi inaendelea. Ilikuwa sizoni ya kisasa, mambo ya simu, kamera za barabarani, magari yanayofunguka yenyewe. Mzee tajiri amekutwa amekufa ndani ya chumba chake, mlango umefungwa. Ndani ya nyumba wamo ndugu na marafiki waliokuja kumtembelea. Kabla hajakata roho amemtumia mpishi wake ujumbe wa sauti kwenye simu, na mtafsiri wetu akautamka polepole: "Amekuja mwenyewe."

Nikasikia vidole vya mama vimeacha kuchambua.

"Nani amekuja?" akauliza.

"Sijui, mama. Ndiyo wanatafuta."

"Basi nyamazisha hicho cherehani."

Tangu siku hiyo nilishona kwa kufuata masikio ya mama. Palipokuwa na ukimya kwenye sizoni nilimweleza kinachoonekana: Kamanda anainama, anatazama zulia, anaokota uzi. Mama aliuliza uzi wa rangi gani. Nikamwambia ni wa bluu. Akauliza nani amevaa bluu, na mimi fundi, ninayeishi kwa nguo, sikuwa nimetazama. Niliona aibu, nikarudisha nyuma. Alikuwa daktari. Mama akatoa hukumu yake hapohapo kwamba muuaji ni daktari, na asimsikie mtu akimtetea.

Nilistaajabu. Nilikuwa nimezoea sinema za watu kurushiana risasi, na humu hakuna aliyerusha hata jiwe. Mtu anakaa kwenye kiti, anauliza, ananyamaza, anauliza tena, na kila jibu linafungua mlango ambao sikujua upo. Wateja waliacha kusema "fundi, bado?" Mwanamke mmoja alichukua gauni lake lililokwisha, akalipa, akarudi kukaa.

"Hii hadithi ni ya zamani," mama akasema siku moja.

Nikacheka. "Mama, hawa wanatumia simu hata mimi sina."

"Simu wamepewa juzi. Hadithi ni ya zamani. Huyu Kamanda anamwacha mtu amalize kusema. Siku hizi nani anamwacha mwenzake amalize?"

Tulikuwa tumefika sehemu ya mwisho, na sehemu ya mwisho haikuwemo kwenye flashi. Nikampelekea muuza muvi ile flashi nikiwa nimevimba kwa hasira. Akaniapia kwamba si kosa lake, mtafsiri hajaitoa, hata yeye anaingoja. Mama alipokea habari hiyo kama amefiwa. Akawa anazipitia sehemu zilizotangulia kichwani, peke yake, midomo inacheza.

Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa sekondari. Alikuja kupimwa sketi, akamkuta mama anamlaumu daktari kwa nguvu zote. Akauliza ni kesi gani, nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakaa.

"Dada, hii wameivalisha tu nguo mpya. Kitabu chake kimeandikwa zamani sana. Bibi yangu alikuwa hajazaliwa. Ninacho nyumbani."

Nilimgeukia mama. Kidevu chake kilipanda juu kidogo, na maharage yakaendelea kuanguka kwenye bakuli. Mpaka leo sijui nimweleze mtu vipi nilivyojisikia. Mtu asiyeona, asiyejua neno la Kiingereza, aliisikia hadithi kupitia sauti ya mtafsiri wa Kiswahili aliyechomekea utani wake, ndani ya sizoni iliyobadilishwa kila kitu, na bado akasikia umri wake.

Mwalimu alileta kitabu. Jalada limechanika, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na kamusi iko kwenye simu, kwa hiyo tulikwenda mwendo wa konokono. Mchana kukiwa hakuna wateja nilisoma sentensi kimoyomoyo, naigeuza, namsomea mama kwa Kiswahili.

Jamani, kila kitu kilikuwemo. Kwenye sizoni Kamanda anashuka kwenye gari, na kitabuni anashuka kwenye mkokoteni wa farasi, matope hadi magotini. Badala ya kamera za barabarani yupo mama anayeuza maua aliyeona nani kapita. Uzi wa bluu upo, na zulia lipo. Ujumbe wa sauti nao upo, ila mzee anayasema maneno yake kwa mpishi kupitia tundu la ufunguo. Nilikuwa nashika kitabu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Aliyekiandika hakujua kama kuna Kahama duniani, na amekwisha kufa siku nyingi, na hapa mama yangu anamgombeza kwamba anachelewesha mambo.

Tulifika karibu na mwisho, pale mpishi anapoyarudia mbele ya watu maneno ya tundu la ufunguo, siku ya mvua, bati linapiga kelele. Nikasoma kimoyomoyo, nikamwambia mama kwa sauti: "Mzee akasema, amekuja mwenyewe."

Kisha nikairudia ile sentensi ya Kiingereza, maana nilihisi kuna kitu nimekiruka. Kilikuwepo. Neno la kwanza lilikuwa "she".

Nikiwa sekondari niliandika insha juu ya mama yangu, kwamba ni mkulima, na kuanzia sentensi ya pili nikamwita "he" mpaka mwisho. Mwalimu wa Kiingereza aliisoma mbele ya darasa, watu wakacheka hadi machozi, wakaniuliza kama mama yangu ana ndevu. Darasa lote tulikuwa tunakosea hivyohivyo, ila siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Tangu hapo nikichanganya "he" na "she" masikio yanawaka moto. Na hapa nilikuwa nimelipita neno lenyewe bila kuliona, kwa sababu Kiswahili hakikulihitaji.

"Mama," nikasema, "muuaji ni mwanamke."

"Nani kasema?"

"Kiingereza. Wao hawawezi kusema 'amekuja' tu. Lazima waseme ni mwanamume au mwanamke. Wenyewe walijua tangu ukurasa wa mwanzo kwamba ni mwanamke."

Mama alikasirika kabisa. "Umemwachia daktari wangu!"

"Si mimi, mama. Kizungu."

"Lugha gani hiyo isiyojua kutunza siri?"

Nilicheka, naye akacheka, tukacheka mpaka aliyekuwa amejikinga mvua barazani akachungulia. Nikamwambia sisi tuliosikia kwa Kiswahili tulipewa hadithi kubwa kuliko walioisikia kwa lugha yake. Wao walitafuta miongoni mwa wanawake wa nyumba ile tu, na sisi tulimshuku kila mtu, mpaka mtunza bustani. Kwa sababu ya herufi moja, ile "a" ya "amekuja". Nilikuwa nimesema hivyo kwa furaha, nikainama kutafuta mstari nilipoishia.

Nilipoinua macho mama hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya sinia.

"Yule jirani," akasema. "Alisemaje?"

Nilijua anayajua maneno yale kuliko mimi. Nikayarudia hata hivyo. "Ameingia zizini. Nimemwona. Macho mekundu."

"Kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili, mama. Lugha nyingine hana."

"Alisema ni mwanamke?"

"Hapana."

"Alisema ni mtu?"

Nikafungua mdomo kujibu kwamba ndiyo, si alisema "nimemwona", nikanyamaza.

Mama akaendelea, taratibu, kama anayeuliza njia. "Fisi akiingia zizini, mwanangu, unasemaje?"

"Nasema ameingia zizini."

"Na ukimwona?"

"Nasema nimemwona."

"Ukimmulika tochi, macho yake yanakuwaje?"

Niliogopa, nasema kweli, lakini ni ile hofu ya kuingia kanisani wakati wameanza kuimba. Kijiji kizima, wazee, wanakwaya, watu wenye akili zao, tulilisikia neno "ameingia" na kila mmoja akamchomeka mama yangu ndani yake. Hata mimi. Nilikuwa nimemtetea kwa kila mtu kwamba si yeye, na sikuwahi kujiuliza kama kulikuwa na mtu yeyote. Ndama walikuwa wanakufa kwa ugonjwa, mizoga inatupwa nyuma ya zizi, na fisi huja palipo na mzoga. Asubuhi ile nyayo zote zilikuwa zimevurugwa na ng'ombe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona, na huyo hasemi.

"Tangu apooze," mama akauliza, "kuna mtu amemuuliza?"

"Amuulize nini, mama? Hawezi kusema."

"Kamanda angemuuliza."

Nilifungua tena kitabu ili tumalizie zile kurasa chache zilizobaki. Mama akakataa. Alisema mwisho utangoja, kwanza nimkatie tiketi.

Nilimkatalia kwa ukali. Nilimwambia hadithi ni hadithi, na kule kuna mapanga ya kweli. Alianza tu kufunga nguo zake kwenye khanga, kwa kupapasa, na mojawapo ni gauni nililomshonea mimi. Nikampigia simu kaka yangu anayeishi Runzewe, akakubali kutungoja stendi, na akamchukua pia katekista wa kigango chetu, kwa sababu mbele ya katekista watu wanajizuia. Hivyo ndivyo tulivyorudi nyumbani.

Tulifika kwa jirani mchana. Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka kibarazani, amekonda, macho yako hai. Mke wake alikuwa anapepeta mtama. Alipotuona alisimama na ungo mkononi, hakusema karibu, wala hakusema ondokeni. Wanaume wawili waliokuwa nyuma ya nyumba walikuja wakasimama pembeni. Nilimshika mama kiwiko, tukasogea hadi kibarazani.

"Nimekuja kumpa pole mgonjwa," mama akasema. Nikamkalisha kwenye ukingo wa mkeka. "Mwanangu, mume wako anasikia?"

Mwanamke aliusogeza ungo kifuani. "Anasikia."

"Akitaka uji anakuambiaje?"

"Namshika mkono. Akikubali anaubana. Akikataa anageuza uso."

"Mshike basi. Mshike wewe, mimi nisimguse."

Yule mwanamke alimtazama katekista, katekista akaitikia kwa kichwa. Akaweka ungo chini, akapiga magoti, akaushika mkono wa mumewe usiopooza. Mama alinyamaza kidogo. Nilijua anachofanya, maana nilikuwa nimemtazama Kamanda akifanya hivyo mara nyingi. Alikuwa anampa mtu nafasi.

"Baba," akasema, "alfajiri ile ulimwona aliyeingia zizini."

Mkono ukabana. Tuliona kwa uso wa mke.

"Alikuwa mtu?"

Mgonjwa aligeuza uso. Hakuugeuza kidogo. Aliugeuza mpaka shavu likagusa mkeka, akabaki hivyo, na machozi yakamtoka kwenye jicho la upande ulio mzima. Nikafikiri amekuwa akingoja swali hilo tangu siku ile, huku watu wanamletea uji, wanamsalia rozari, wanamsimulia wenyewe alichokiona. Nikakaa chini nilipokuwa nimesimama.

"Alikuwa mnyama?"

Mke akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Fisi?"

"Amebana," mwanamke akasema. "Amebana. Anabana bado."

Wale wanaume wawili waliangaliana, kisha wakaangalia chini. Mimi nilingoja mama aulize swali lililobaki, kama yeye mwenyewe alihusika. Alikuwa na haki ya kuliuliza mbele ya watu wote, na ningekuwa mimi ningeliuliza kwa kelele. Hakuliuliza. Alimwambia mgonjwa pole, akamwambia mizoga ya ndama ichomwe, akanipa mkono nimwinue.

Tulishika njia ya kwetu, kaka na katekista mbele, mkono wa mama kiganjani mwangu. Akaniuliza kama kitabu nimekibeba. Nikamwambia kimo mkobani. Akasema vizuri, leo tutakimaliza, aone kama na yule aliyekiandika aliuliza vizuri mpaka mwisho.

Ndipo mama akasimama. Alikuwa amesikia kabla yangu: ndala zinakuja nyuma yetu, mbio. Zikafika. Safari hii hazikupita. Yule mwanamke alizunguka mbele ya mama, akapiga goti kwenye vumbi la njia, pumzi zimemwishia, pumba za mtama bado ziko mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

Mama aliupeleka mkono mbele akapapasa hewani, akakipata kichwa chake, akauacha hapo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nyanyuka. Uji wa mgonjwa unapoa."